Namna nilimaliza mwani ku mawe hai

Bandugu, mwani ya nyuzi-nyuzi ilifunika mawe hai yote (mawe ya bahari yenye bakteria na viumbe vidogo ndani) mu akwariamu yangu ya mayi ya chumvi hapa Lubumbashi, muuzaji alitaka ninunue kaa tu, wale wanavaaga ganda ya konokono, nikakataa juu wanauaga konokono ili wachukue ganda yake. Nikachukua konokono wa aina tatu: turbo kwa mawe, seriti kwa mchanga na pembeni, nasario wachache wa kula mabaki ya chakula. Turbo akipinduka mgeuze, mara nyingi peke yake hawezi!

Lakini kwanza nilipunguza chakula ya samaki, juu nitrati na fosfati, zinatokaga mu chakula na mavi ya samaki, ndizo zinalisha mwani. Dawa ya shaba isiingie kabisa, inaua konokono. Sasa mawe ni safi na siongeze konokono wengine, mwani ikiisha watakufa na njaa.