Magari manne ya doria juu ya meza moja: kumbukumbu ya mradi wangu

Tarehe 2 Machi

Bodi nne za magari madogo, kila moja ikiwa na urefu usiozidi sentimita 11, zimepangwa mezani kwangu hapa Tanga zikisubiri kuvuliwa rangi zake za zamani. Azma yangu ni kuzigeuza kuwa magari ya spoti yaliyowahi kufanya kazi ya polisi katika miaka ya 1960 na 1970: Ferrari ya Roma, Porsche ya Uholanzi, Daimler ya London na Datsun ya Japani. Kipimo ni 1 kwa 43, kwa hiyo milimita moja niliyokosea mimi ni zaidi ya sentimita nne kwenye gari lenyewe.

Nimejiwekea sharti moja tu, kwamba sitabandika kitu chochote juu ya bodi kabla sijajua kiliwekwa pale kwa kazi gani. Watu wengi wanapoona polisi katika gari la namna hii hudhani ni maonyesho, na kwa magari ya kifahari ya polisi wa Dubai sina ubishi nao, kwani yale huegeshwa mahali watalii wanapopiga picha. Haya manne yalinunuliwa yakafanye kazi.

Tarehe 9 Machi

Nimeanza na Ferrari kwa kuwa ndiyo rahisi. Ni 250 GTE, gari la viti vinne lenye injini ya lita 3 na silinda 12, ambalo polisi wa Roma walilipokea mwaka 1962 kwa ajili ya kikosi chao cha Squadra Mobile. Simulizi inayorudiwa kila mahali ni kwamba mkuu wa polisi aliwauliza vijana wake wanahitaji nini ili wasiachwe nyuma na majambazi, na mmoja wao, Armando Spatafora, akajibu kwamba wanahitaji Ferrari. Aliipata, na yeye pamoja na wenzake wachache wakapelekwa Maranello, kwenye kiwanda cha Ferrari, kufundishwa kuiendesha. Zilitolewa mbili, lakini moja iliharibika vibaya mapema mno, ikabaki hii yenye chesi namba 3999, iliyodumu kazini hadi mwaka 1968. Kisa cha kumfukuza jambazi hadi kwenye ngazi maarufu za Trinità dei Monti, mle mle Roma, nimekisoma kwa namna nyingi mno zinazopingana, nami nimekiacha kibaki kisa.

Rangi yake ni nyeusi tupu, yenye maandishi meupe ubavuni na taa moja ya bluu juu ya paa. Nilidhani nitaimaliza kwa siku mbili, nikasahau kwamba nyeusi haifichi kitu: kila punje ya vumbi iliyotua kabla rangi haijakauka ilionekana kama kipele. Niliipiga msasa wa maji, nikapuliza upya, nikaifunika kwa beseni la kufulia, na ndipo ikatoka laini. Taa ya paa nimeichonga kutoka kwenye ncha ya mpini wa mswaki wa bluu, mswaki wenyewe ukiwa umekwisha kazi yake ya kwanza.

Tarehe 23 Machi

Porsche ndiyo iliyonikalisha usiku. Polisi wa taifa wa Uholanzi, Rijkspolitie, walianza kuzitumia mwaka 1962 kwa aina ya 356 isiyo na paa, wakaendelea na 911, na hadi walipopokea ya mwisho mwaka 1996 zilikuwa zimepita mikononi mwao zaidi ya 500. Yangu ni 911 Targa, ile yenye upinde mpana nyuma ya viti na kipande cha paa kinachotolewa.

Swali lililonisumbua lilikuwa hilo la paa. Uholanzi ni nchi ya mvua na baridi. Kwa nini askari wake wapewe gari la wazi? Jibu liko katika kazi yenyewe. Mpaka mwaka 1974 barabara kuu za nchi hiyo hazikuwa na kikomo cha jumla cha mwendo, na askari wa doria alikuwa na wajibu wa kuwafikia madereva waliokimbia kuliko wote, kisha kuwaonyesha ishara ya kusimama kwa namna ambayo wangeiona hata wakiwa katika mwendo mkali. Katika gari lisilo na paa askari wa pili aliweza kuinuka kitini, akanyoosha mkono wenye kibao cha ishara juu ya kioo cha mbele, na akaonekana na magari yaliyo mbele na nyuma. Akifika penye ajali, aliongoza msafara akiwa amesimama humo humo garini. Ndiyo sababu walivaa helmeti kama waendesha pikipiki, na makoti mazito.

Sababu ya pili iko nyuma. Injini ya Porsche ya wakati ule ilipozwa kwa hewa, haikuwa na rejeta wala maji ya kuchemka, na hivyo gari lililotoka kukimbiza mtu liliweza kurudi kutambaa kando ya barabara kwa mwendo wa baiskeli, likisindikiza msururu wa magari, bila kuchemka. Mtu yeyote aliyewahi kusimama Segera akiwa na boneti wazi na kopo la maji mkononi atalielewa jambo hili bila kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo kipande cha paa nimekikata, na ndani nimemsimamisha askari mwenye kimo cha sentimita 4, aliyetengenezwa kwa waya na puti, mkono mmoja ukiwa juu. Helmeti yake ni nusu ya ushanga mweupe. Taa ya bluu imekaa juu ya upinde, pahala pekee palipobaki baada ya paa kuondoka.

Tarehe 6 Aprili

Hasara. Fundi rangi wa gereji ya jirani alinigawia kifuniko kimoja cha chupa cha rangi nyeupe iliyobaki kwenye daladala, nami kwa pupa nikaipuliza Porsche jioni ile ile masika ilipofungua mlango. Asubuhi bodi yote ilikuwa imefubaa na kufanya ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Fundi alipoiona alicheka. "Bwana mdogo, thina ikikimbia haraka hewa ikiwa na maji, unyevu unatua juu ya rangi. Mimi mvua ikinyesha sipigi hata mlango." Ameniagiza nitumie thina inayokauka polepole na nisubiri jua la saa tano. Nimevua rangi yote. Askari wangu amenusurika, ila helmeti yake imeyeyuka upande mmoja.

Tarehe 20 Aprili

Nikisubiri jua, nimeishughulikia Daimler SP250, gari ambalo uso wake una mdomo mpana kama wa perege. Polisi wa London walizichukua mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyeusi, kwa ajili ya kuwafuata vijana wa pikipiki waliokuwa wakishindana mwendo barabarani. Bodi yake ni ya faibaglasi na injini ni ya lita 2.5 yenye silinda 8, iliyosanifiwa na Edward Turner, mtu aliyejulikana zaidi kwa kutengeneza pikipiki za Triumph. Yaani waliokimbizwa na waliokimbiza huenda walikuwa wamepanda kazi ya fundi mmoja. Kikomo cha maili 70 kwa saa kilikuja Uingereza mwishoni mwa mwaka 1965, na kabla ya hapo barabara kuu mpya ya M1 ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye mguu mzito.

Jambo lililonishangaza ni giaboksi. Gari la spoti lenye gia za otomatiki lingechekwa na kijana yeyote, lakini London walizitaka za otomatiki, na nikilitazama kwa macho ya askari anayetumia sehemu kubwa ya zamu yake akinyata kwenye foleni za mjini, naona walikuwa na akili. Kwa hiyo ndani ya gari langu kuna kanyagio mbili tu, si tatu. Hakuna atakayeziona, kwa kuwa milango haifunguki, lakini mimi nazijua.

Kengele nayo imenichukua Jumapili nzima. Polisi wa Uingereza walikuwa bado hawajahamia kwenye ving'ora. Waliomba njia kwa kengele ya umeme iliyong'arishwa, iliyofungwa mbele karibu na bampa. Kwa kipimo changu kengele hiyo ni ya milimita mbili na ushei. Nimekata kichwa cha pini ya kushonea, nikakisugua kwenye jiwe la kunolea hadi kikawa bapa upande mmoja, nikakidondosha sakafuni, nikapiga magoti na tochi kwa dakika 40, nikakata kingine.

Tarehe 11 Mei

Porsche imekuwa nyeupe kweli, na askari ana helmeti mpya. Leo nimebaki na Datsun 240Z, na hapa roho imenisuta kidogo. Gari nililolipata mnadani kwenye mitumba lilikuwa limepakwa rangi za Safari Rally, nyekundu yenye boneti nyeusi, na sisi wa upande huu tunajua 240Z ilishinda mashindano hayo mwaka 1971 na 1973, mara ya pili ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Mjomba wangu, aliyekuwa Nairobi mwaka ule wa 1973, alinikuta nikiichovya kwenye thina.

"Mjomba, unaifuta Safari?"

"Nawapa polisi wa Kanagawa, mjomba. Nao walikuwa nayo."

Hakuridhika. Polisi wa mkoa huo, ulio kusini mwa Tokyo, waliitumia aina ya 240ZG, yenye pua ndefu iliyochongoka, kwenye barabara za mwendo kasi. Pua hiyo nimeijenga kwa puti ya gereji, tabaka tatu, na bado upande wa kushoto umezidi kwa unene wa ukucha. Rangi ni nyeupe juu na nyeusi chini, kama yalivyo magari ya doria ya Japani.

Kilichobaki ni maandishi ya mlangoni, herufi sita za Kijapani zinazotaja polisi wa Kanagawa. Kijana wa steshenari alinichapishia kwenye stika angavu, akazichapa kinyumenyume kama zinavyoonekana kwenye kioo, na kwa kuwa si yeye wala mimi tuliyejua kuzisoma, tulilipana tukaagana vizuri. Nimeligundua kosa nyumbani, baada ya kuzilinganisha na picha. Seti ya pili nimeichukua leo, na nimeikata herufi moja moja ili zifuate mkunjo wa mlango. Tano nimeshazibandika. Ile ya tatu ni mistari mitatu tu iliyosimama, na nimeigeuza mara nyingi kwenye ncha ya koleo hata sijui tena upande wa juu ni upi. Nimeiweka chini ya glasi mpaka kesho kukiwa na mwanga.