Pazia la jirani yangu

Southampton, Jumapili usiku, Novemba

Leo nimemsindikiza jirani yangu mpaka gatini. Ana miaka 78, nyumba ameshaiuza, na kuanzia jioni hii makazi yake ni chumba kimoja ndani ya meli ya watalii. Hana tarehe ya kurudi. Amebeba masanduku mawili, mkoba wa dawa, na kikapu cha nyuzi na sindano za kufumia ambacho nilimshauri akiache, akanitazama tu.

Nimerudi kwa basi, nikachemsha chai ya tangawizi, na bado nimekaa dirishani. Dirisha langu la jikoni linatazamana na la kwake.

Alipoanza kuizungumza habari hii mwaka jana, nilikasirika kabisa. Nimelea wazee katika mji huu miaka 22 na uzee naujua kwa mikono. Nikamwambia anionyeshe hicho chumba. Akafungua picha kwenye tableti: yeye ananionyesha dirisha na bahari, mimi macho yangu yako kwenye mlango wa bafu. Kizingiti. Kimeinuka kama upana wa kiganja, ili maji yasimwagike nje meli inapolala upande. Wazee wangapi nimewaokota sakafuni saa tisa ya usiku kwa sababu ya ncha ya zulia tu, seuze kizingiti, seuze sakafu isiyotulia?

Yeye hesabu zake alikuwa nazo. Hapa England, mtu mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 akihitaji nyumba ya wazee hujilipia mwenyewe, na nyingi za huku kusini hupita pauni 1,000 kwa wiki. Nyumba yake ingeliwa na hizo wiki moja baada ya nyingine. Kwa fedha hiyohiyo, akasema, nitapikiwa, nitatandikiwa kitanda, na dunia nitaiona. Akanitajia na madaktari wawili wa Chicago waliopiga hesabu kama hiyo mwaka 2004: miaka 20 melini kama dola 230,000, na miaka 20 katika makazi ya wazee wanaohitaji msaada mdogo, kama dola 228,000.

Nikamwambia, hayo maneno "msaada mdogo" ndiyo yenye mambo. Melini kuna daktari na wauguzi, kuna eksirei na vipimo vya damu, kuna vitanda vichache vya wagonjwa mahututi. Wa kukuogesha hayupo. Wa kukugeuza kitandani usiku ili mgongo usichubuke hayupo. Ukivunjika nyonga unatulizwa maumivu mpaka bandari inayofuata, au helikopta ikufuate kama pwani iko karibu, na bili ni ya bima yako. Na NHS, matibabu ya serikali ya huku, ni ya mkaazi. Ukishahama ukaja kurudishwa kwenye machela, wa dharura watakupokea, lakini kule wodini wataanza kukuuliza unakaa wapi.

Halafu meli nayo huzeeka. Watu wa hapa hawajasahau Novemba 2008, meli ya abiria QE2 ilipoondoka Southampton mara ya mwisho kwenda Dubai, ambako sasa ni hoteli. Mjane mmoja wa Kimarekani, Beatrice Muller, alikuwa ameifanya nyumba yake kwa miaka. Meli ilipostaafu, naye ikabidi atafute pa kwenda. Mwaka 2023 safari ya miaka mitatu iliyokuwa ianzie Istanbul ilifutwa Novemba hiyohiyo waliyokuwa waondoke. Mwaka uliofuata abiria wa Villa Vie Odyssey, meli iliyoundwa 1993, walifika Belfast mwezi Mei wakaisubiri ikitengenezwa mpaka mwisho wa Septemba. Mtu ameaga, amelia, amekumbatiwa, kisha miezi minne bado yuko Belfast. Ipo The World, inayozunguka tangu 2002, yenye makazi 165 ambayo wakaazi wenyewe ndio wenye meli, lakini ile ni ya matajiri.

Yote hayo nilimwambia. Kilichonifunga mdomo ni Februari.

Alianguka jikoni saa mbili usiku. Mimi nilikuwa shifti ya usiku; asubuhi nikarudi, nikalala. Nilipoamka saa sita mchana nikaona pazia lake bado limefungwa, na yeye pazia hufungua alfajiri. Nina ufunguo wake. Nilimkuta juu ya vigae, mkono umebanwa chini ya kifua, mabegani amejifunika kitambaa cha kufutia vyombo, maana ndicho pekee alichoweza kukivuta. Saa kumi na sita. Aliponiona akasema samahani. Barabara yetu ina nyumba 40, na aliyeona pazia ni mmoja, tena kachelewa.

Alipotoka hospitali akaniambia: melini mhudumu hugonga mlango kila siku, kitanda kikiwa hakijalaliwa atajua. Sikuwa na la kumjibu.

Lakini huyo mhudumu ni mtoto wa watu. Ni Mfilipino, au Mhindi, au kijana wa pwani ya kwetu, Mombasa, mwenye mkataba wa miezi sita au minane kisha anarudi kwa wanawe. Atamzoea, atajua chai yake haina sukari, atajua bega lipi linamuuma. Siku moja atashusha sanduku gatini na atapanda mwingine anayeanza upya. Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiondoka. Kuna bibi mmoja alikuwa akiniita kwa jina la binti yake. Nilipohamishiwa kituo kingine sikumuaga. Nilifika mpaka mlangoni, nikashindwa. Ni miaka tisa sasa.

Jioni mdogo wangu amenipigia kutoka Tanga, nikamhadithia. "Dada," akaniambia, "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyo jembe atapewa na nani?" Ameligusa jambo ninaloliamini. Wazee wangu wengi walilishwa vizuri na walipata joto la kutosha, wakaisha kwa kukosa la kufanya. Aliyekaa na sisi kukunja mataulo alidumu. Hapo ndipo nikakielewa kile kikapu: anataka kuwafumia wahudumu vikoti vya watoto wao wachanga. Jembe lake amekwenda nalo mwenyewe.

Mdogo wangu akauliza tena, taratibu: "Na akifia humo, nani atamwosha?" Nikamweleza kwamba meli kubwa zina chumba cha baridi cha kuhifadhia maiti mpaka bandarini, na kwamba jirani yangu mwenyewe anataka achomwe, majivu yamwagwe baharini. Akakaa kimya. Na mimi nikakaa kimya, kwa sababu Mama alipokufa nilikuwa huku, kazini, namwogesha mama wa mtu mwingine. Aliyemwosha Mama ni yeye. Hajanilaumu hata siku moja, na leo pia hakunilaumu.

Mwakani nastaafu. Mdogo wangu ana chumba ameniwekea.

Pale Mayflower Park watu hukaa kutazama meli zikitoka. Maji ya Southampton yana tabia yake: hujaa, hupungua kidogo, kisha hujaa tena kabla ya kutoka, mtu wa Tanga hakosi kuyashangaa. Honi ililia mara tatu. Nikampungia mkono nisijue dirisha lake ni lipi kati ya yale mamia, nikayapungia yote.

Tumekubaliana kwamba kila akifungua pazia asubuhi atanitumia ujumbe, hata neno moja. Nimebandika karatasi kwenye friji. Madeira, saa zao na zetu ni moja. Barbados, wao wako nyuma saa nne, kwa hiyo alfajiri yake itanifikia karibu saa nne asubuhi. Saa sita mchana ikifika bado kimya, chini nimeandika namba ya simu ya meli.