Daftari langu la tiki

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na daftari, la kawaida tu la mistari, nimelichora safu tatu: maombi, Neno, kufunga. Nilikuwa nimejiwekea siku 40, kila siku naamka saa kumi alfajiri naomba lisaa lizima, nasoma sura 5 kuanzia Mwanzo, afu nafunga Jumatano na Ijumaa, na kila nikimaliza kitu naweka tiki. Hizo siku za kufunga sikuzichagua hivi hivi. Nilikuwa nimesoma kwamba Didake, maandiko ya zamani sana ya kanisa, inawaambia Wakristo wasifunge pamoja na wanafiki wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, wao wafunge Jumatano na Ijumaa. Nikaona hapo Mafarisayo, wale washika dini wa Kiyahudi ambao Yesu aliwaita wanafiki, nimewaacha mbali kabisa.

Ilienda vizuri mno na nadhani hapo ndo palipoharibika. Siku yenye tiki tatu naomba kwa sauti ya mtu anayefuatilia mshahara wake. Siku ikikosa tiki moja naomba kwa kunong'ona, kama mpangaji anayempita mwenye nyumba mlangoni. Na kwenye ushirika mtu akisema jamani mimi wiki hii sijashika Biblia kabisa, mdomoni nasema pole ndugu, moyoni sasa... tuache.

Siku ya 25 nikaanguka. Homa, kifua kinabana, nikalazwa, wakasema nimonia. Nilikuwa nimefikia Hesabu sura ya 3. Kitu cha kwanza nilichomwomba mdogo wangu aniletee kutoka nyumbani wala sio nguo, ni lile daftari. Basi nimelala pale na dripu mkononi napiga mahesabu, siku 9 mara sura 5 ni sura 45, masaa 9 ya maombi, mifungo mitatu imenipita, nikitoka nikisoma sura 10 kila siku baada ya siku 9 nitakuwa nimelipa. Nikaandika juu ya ukurasa DENI, nikapigia mstari chini. Na kuomba kwenyewe nilikuwa siombi, hata neno moja, naona aibu, yani utaendaje kwa anayekudai mikono mitupu. Mtu anaumwa mpaka kupumua ni kazi afu haombi kwa sababu hajaomba! Ujinga huo nimeufanya mimi mwenyewe na akili zangu timamu.

Jioni moja akaja mama mmoja wa kanisani, mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, nyamaza usijichoshe."

Nesi akawa anamweleza masaa ya dawa zangu, mama akachukua kalamu yangu aandike, akatafuta karatasi, akafungua daftari. Akasoma kimya. Akageuza ukurasa. Nikatamani dripu inimeze.

"Mwanangu, sura 45 unadaiwa na nani?"

Nilifikiria kudanganya, nikashindwa. Nikasema Mungu.

Mama alicheka, alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Afu hakunihubiria, nilikuwa nimejiandaa kabisa kuhubiriwa. Alivaa miwani akafungua Luka 18, ile habari ya watu wawili waliopanda hekaluni kusali, Farisayo na mtoza ushuru, akaisoma polepole mpaka pale Farisayo anaposema "mimi nafunga mara mbili kwa juma", akanyamaza, akaangalia safu yangu ya tatu, akasema, "Kumbe mko wawili." Akaendelea kusoma.

Nilibadilisha siku tu jamani. Mara mbili ni mara mbili. Na kilichoniumiza zaidi ni kwamba yule Farisayo hata hakusema uongo, alifunga kweli, zaka alitoa kweli, Torati yenyewe ilidai mfungo mmoja tu kwa mwaka, ule wa Siku ya Upatanisho, yeye akazidisha. Na sala yake inaanza na "nakushukuru"! Mimi pia nilikuwa nashukuru kila siku kwa neema, kwa mdomo, huku macho yako kwenye tiki.

Mama akafika mwisho, yule mtoza ushuru alishuka kwenda nyumbani kwake "amehesabiwa haki". Hilo neno nimelisikia tangu utotoni lakini siku ile nililisikia kivingine, ame-hesabiwa. Hana daftari, hana cha kuonyesha, anajipiga kifua tu, kuna mwingine amemfanyia hesabu. Mimi ndo nilikuwa nakesha najihesabia mwenyewe, na hesabu haikai sawa.

(Msinielewe vibaya, sisemi watu waache kuamka alfajiri. Paulo alifanya kazi kuliko mitume wote na akaandika kwamba sio yeye, ni neema iliyo pamoja naye. Mimi mpaka leo naamka, siku nyingine siamki.)

Mama akaniombea, fupi sana, akaaga, nikabaki na kelele za wodi. Usiku nikafumba macho nikasema ile ile ya mtoza ushuru, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", basi, sikuongeza kitu. Maombi yangu ya kwanza ndani ya siku 9, hata dakika hayakufika.

Afu, mazoea mabaya haya, mkono ukaenda kwenye daftari nikaweke tiki. Nikapapasa kitandani, chini ya mto, mezani. Kalamu mama alikuwa ameondoka nayo.

Nikalala.