Kuzunguka kisiwa kwa baiskeli kutwa moja: theluthi ya kwanza ndiyo inayoamua

Safari ya kwenda na kurudi kwa njia ileile ina huruma. Ukichoka unageuza, na njia iliyobaki unaijua. Kuzunguka kisiwa hakuna huruma hiyo: mkishavuka nusu, kurudi ni mbali kuliko kuendelea, na boti ya mwisho haijali kama kuna mwenzenu ana pancha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya safari huamuliwa kabla hamjapanda baiskeli, na iliyobaki huamuliwa kwenye theluthi ya kwanza ya njia.

Anza na umbali. Kosa la kawaida ni kuangalia kisiwa kwenye simu na kusema "kadogo haka". Chukua urefu wake na upana wake, tafuta wastani, zidisha kwa 3.14. Kisiwa cha kilomita 20 kwa 10 kinatoa kama kilomita 47. Kisha ongeza robo, kwa sababu barabara huzunguka ghuba na mikoko na kukwepa majabali. Mnafika karibu na 60. Kama barabara inakatia ndani badala ya kufuata pwani, itapungua, lakini ni afadhali kupanga kwa 60 ukapata 52 kuliko kinyume chake.

Kundi la marafiki wa kawaida, wasio wanamashindano, huenda kilomita 15 kwa saa wakiwa juu ya baiskeli. Kilomita 60 ni saa nne. Kwenye vituo, kadiria dakika 15 kwa kila saa mkiwa watatu, na zaidi kidogo mkiwa wanane, maana watu wanane hawamalizi kunywa maji kwa wakati mmoja hata mkiwabembeleza. Ongeza mlo, na saa nzima ya dharura. Mnakaribia saa saba. Boti ya mwisho ikiondoka saa 11 jioni, muwe gatini saa 10. Hesabu kurudi nyuma: mkianza saa 3 asubuhi hamna hata dakika ya ziada. Anzeni saa 12 na nusu.

Mwelekeo nao haubahatishwi. Kwenye nchi za kuendesha kushoto, zunguka kama mshale wa saa. Kwenye nchi za kulia, kinyume chake. Namna hiyo bahari inakuwa upande wenu muda wote, na barabara za kutoka katikati ya kisiwa zinaingilia ng'ambo ya pili, kwa hiyo magari yanayochomoza hayapiti mbele ya magurudumu yenu. Tatizo ni upepo. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji, upepo unaanza kuvuma kutoka baharini kuelekea ndani asubuhi ikiwa imekwenda, na alasiri ndiyo unakolea. Kwenu huo ni upepo wa ubavuni unaowasukuma kuelekea katikati ya barabara. Hatari yake si nguvu, ni kukatika: mnapita nyuma ya ukuta au msitu, unazimika, mnatoka upande wa pili unawapiga ghafla. Mkiona mwisho wa kizuizi mbele, acheni nafasi na shikeni usukani kwa mikono miwili.

Kukiwa na upepo mkuu wa msimu, lengo ni kupambana nao asubuhi na kurudi ukiwasukuma. Lakini msitegemee kwamba utalipa ulichochukua. Kilomita 30 dhidi ya upepo kwa mwendo wa 12 ni saa mbili na nusu. Kilomita 30 nyingine kwa mwendo wa 24 ni saa moja na robo. Wastani ni 16, si 18, kwa sababu muda mwingi zaidi mmeutumia mkiwa wa polepole. Na je, upepo ukidai mwelekeo mmoja na upande wa barabara ukidai mwingine? Barabara ikiwa tulivu, sikiliza upepo. Ikiwa na malori, sikiliza barabara.

Baiskeli za kukodi zikaguliwe jioni iliyotangulia, si asubuhi mkiwa na haraka. Inua gurudumu ulizungushe: likicheza na kugusa breki upande mmoja, limepinda au spoku zimelegea. Zibinye spoku mbilimbili. Inayolegea kuliko wenzake ndiyo itakayokatika. Leva ya breki isifike kwenye usukani ukiibana kwa nguvu zote. Shika mkono wa pedali uutikise kushoto na kulia. Mkono huo ukigongagonga, iache baiskeli hiyo, kwa sababu hakuna dawa yake njiani. Siti: kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Ukiendesha sasa kwa unyayo wa mbele, goti litakunjika kidogo inavyotakiwa. Siti ya chini sana huanza kuuma mbele ya goti baada ya saa mbili, na mtu husingizia umri.

Kiongozi wa mbele awe anayejua njia, si mwenye mapaja. Mshika mkia awe fundi, na pampu, tyubu mbili, viraka na spana vikae kwake. Wengi hukosea hapa: vifaa vinakuwa mgongoni kwa mwenye kasi, yeye keshapotea mbele, pancha inatokea nyuma, na upande ule wa kisiwa simu hazishiki mtandao. Kila njia panda wote wasimame mpaka wa mwisho afike. Kujibanza nyuma ya mwenzako kunakupunguzia kazi, ila acha walau urefu wa baiskeli moja. Gurudumu lako la mbele likigusa lake la nyuma, anayeanguka ni wewe.

Pancha ndiyo hitilafu mtakayoipata, kwa hiyo tuiangalie vizuri. Kabla ya kutoa tyubu, kumbuka valvu ilikuwa mkabala na neno gani la kwenye tairi. Jaza tyubu upepo, ipitishe karibu na mdomo au shavu mpaka uusikie mpulizo. Sasa ilaze juu ya tairi kama ilivyokuwa: tundu linakuonyesha mahali pa kutafuta mwiba au kigae. Pitisha vidole ndani polepole. Usipokitoa hicho, tyubu mpya itatoboka kabla hamjafika kilomita ya pili. Matundu mawili sambamba si mwiba. Tyubu imebanwa kati ya rimu na shimo la barabara kwa sababu upepo ulikuwa mdogo.

Kwaruza tundu kwa msasa eneo pana kuliko kiraka, paka gundi nyembamba, kisha subiri dakika tatu hadi tano mpaka ipoteze mng'ao. Hapo ndipo viraka vingi vinapokufa: mtu anabandika gundi ikiwa bado mbichi, kinashika dakika kumi, kinaachia. Rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo ili isijikunje, anza kulipandisha tairi upande ulio mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, kwa mikono. Ukitumia chuma kumalizia, utaibana tyubu na kuanza upya.

Njia ikipita ufukweni au kukatiza kijito cha maji ya chumvi, angalieni majira ya maji kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye pwani nyingi kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kama 12, na kila siku majira huchelewa kwa dakika kama 50. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja kati ya 12, ya pili mbili, ya tatu na ya nne tatutatu, kisha mbili, kisha moja. Yaani nusu ya kimo chote huja ndani ya saa mbili za katikati. Kivuko kilichokuwa cha kifundoni mkiwa mnapiga picha, kinakuwa cha kiunoni. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu yanayokuja baada ya mwezi mpevu au mwandamo, hali ni kali zaidi. Maji mafu, yale ya mwezi nusu, yana nafuu. Pigeni hesabu ya kuvuka maji yakiwa bado yanatoka.

Maji ya kunywa: nusu lita kwa saa, lita nzima kwenye joto kali, pamoja na kitu chenye chumvi. Kuleni kidogo kila dakika 40, msisubiri njaa.

Kwenye kilomita ya 20 kati ya 60, simameni mtazame saa. Mkiwa mmetumia saa mbili hivi pamoja na vituo, endeleeni. Mkiwa mmetumia tatu, safari nzima itakula tisa, kabla ya mlo na dharura. Geuzeni hapo, au chukueni barabara inayokata kisiwa katikati kama ipo. Kwenye 20 kurudi ni 20. Kwenye 30 hakuna tena cha kuchagua.

Mkirudi, baiskeli zioshwe kwa maji baridi ya bomba yasiyo na kasi, maana mpulizo mkali huingiza chumvi na mchanga kwenye gololi za habu, kile kitovu cha gurudumu. Kausha cheni kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo ukizungusha pedali kinyumenyume, ngoja kidogo, kisha futa ya juu yote, kwa sababu mafuta ya nje hukusanya mchanga. Fanya usiku huohuo. Ukiacha hadi asubuhi cheni itakuwa imeshaanza rangi ya chungwa.