Mwanza hadi Bukoba, dakika arobaini

Shangazi alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kuuliza ndizi azibandike saa ngapi. Nikamwambia saa tatu nitakuwa nimeshanawa mikono. Alicheka, nami nikadhani ni furaha tu ya kusubiri mgeni.

Hesabu yangu ilikuwa nzuri. Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi wa Bukoba, ukikata moja kwa moja juu ya Ziwa Victoria, ni kilomita kama 175. Angani ni dakika arobaini, zikizidi ni arobaini na tano. Barabara inavuka kilomita 400, maana lazima uuzunguke upande wa kusini wa ziwa: Sengerema, Geita, Chato, Muleba. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, foleni ya kivuko imebaki hadithi, lakini basi bado linakula siku. Meli nayo ni usiku kucha. Ndege iliandikiwa kuondoka saa mbili. Nilijiona mjanja.

Saa mbili ikafika, ikapita. Mwanza jua linawaka, wakatutangazia kwamba Bukoba kuna mvua na mawingu yako chini. Nilianza kulalamika peke yangu. Waliokuwa wakirudi kwao Bukoba walikuwa wameshajinyoosha vitini, mmoja anakoroma.

"Mwanangu, ukitaka kuwahi Bukoba panda ya mchana," bibi mmoja wa jirani akaniambia. "Asubuhi kule ni ya mvua."

Ni kweli, na sababu yake ni ziwa lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, basi upepo wa pwani zote hukimbilia ziwani, ukakutana katikati na kupanda juu, radi zikazaliwa. Kunapokaribia kucha, upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo upande wa Kagera, mkoa iliko Bukoba. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza.

Nikauliza kama rubani hawezi kujaribu tu. Bibi akanitazama kwa muda. "Mwache asubiri," akasema. Hapo nikakumbuka Novemba 6, 2022, siku ndege ya abiria ilipoingia majini ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Walikuwemo watu 43, 19 hawakutoka. Sikuuliza tena.

Tuliruka saa tano na robo. Mawe ya Mwanza yakabaki nyuma, kisha maji, maji, maji, na mitumbwi iliyoonekana kama punje za mchele. Nilikuwa sijamaliza hata soda, injini zikapunguza sauti. Kisiwa cha Bumbire kikapita kushoto. Njia ya kutua ndege pale inaanzia ukingoni kabisa mwa ziwa. Unatazama dirishani unaona mawimbi, mawimbi, halafu ghafla lami chini ya magurudumu. Nilitazama saa: dakika arobaini na moja.

Nyumbani nilimkuta shangazi barazani, kisu mkononi, mkungu wa ndizi miguuni.

"Radi ilinigutusha saa kumi alfajiri, baba," akasema. "Ndiyo kwanza namenya."