Nywele zangu zilivyopungua, na kilichozirudisha

Nywele zikianza kupungua, kila mtu anakuwa daktari. Huyu atakwambia maji ya kitunguu, yule shubiri, mwingine mafuta ya mnyonyo, na hakuna anayekuuliza zinapungua wapi na zinatokaje. Kwangu mimi swali hilo limefanya kazi kubwa kuliko chupa zote nilizowahi kununua.

Zangu zilianza kutoka miezi kama mitatu baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili. Nikichana, chanuo linajaa. Nikiosha, zinaziba tundu la maji bafuni. Kichwa kizima kilikuwa kinapukutika. Lakini pembeni, juu ya masikio na kwenye paji la uso, mambo yalikuwa tofauti. Pale hazikuwa zikidondoka nyingi, ila ngozi ilishaanza kuonekana, na vinywele vilivyobaki vilikuwa vifupi na laini mno.

Nilichukua nywele za kwenye chanuo nikazilaza juu ya kitambaa cheusi, dirishani penye mwanga. Karibu zote zilikuwa ndefu, na kila moja ilikuwa na kidoto cheupe kwenye ncha moja, kidogo kuliko chembe ya chumvi. Kidoto hicho ni cha upande wa shina, na kinaonyesha kuwa unywele umemaliza muda wake ukaachia wenyewe. Uliokatika huwa ni kipande kifupi kisicho na kidoto. Ukiona vipande vya namna hiyo, mtuhumiwa ni ukavu, pasi ya nywele au dawa ya kulainisha, na hapo mafuta na kupumzisha nywele husaidia kweli. Zangu hazikuwa za kukatika.

Unywele una ratiba yake. Hukua kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, kisha hudondoka na mwingine kuota palepale. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Wakati wa ujauzito homoni huzizuia nyingi zisiingie mapumzikoni, na utasikia wajawazito wakisifiwa jinsi nywele zilivyojaa. Ukishajifungua homoni hushuka, zilizochelewa zote zinapumzika kwa pamoja, na baada ya miezi miwili mitatu zinadondoka kwa mkupuo. Homa kali, upasuaji, msongo mkubwa au kujinyima chakula ili upungue haraka, vyote huleta hali hiyohiyo. Kwa hiyo anayetafuta chanzo asihangaike sana na alichopaka wiki iliyopita; akumbuke kilichoupata mwili miezi miwili mitatu nyuma.

Za uzazi kwa kawaida hurudi zenyewe bila dawa. Zangu ziliendelea kutoka hata mtoto alipoanza kutembea, na nilikuwa nikipanda ngazi nahema. Nikaenda hospitali. Kabla ya kunitoa damu daktari aliuliza kama nameza vidonge vya nywele, nikamwonyesha kopo la bayotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, kutoka kwenye pochi. Akaniambia niache kwanza, nirudi baada ya siku kadhaa, kwa sababu bayotini nyingi huweza kuharibu majibu ya vipimo, vikiwemo vya thairoidi, tezi ya shingoni. Isitoshe, inamsaidia mwenye upungufu wake, na watu hao ni wachache. Vitamini A na madini ya seleniamu ndiyo kabisa: vikizidi mwilini, vyenyewe hupukutisha nywele. Wauza vidonge hawakuambii hilo.

Majibu yalipotoka, thairoidi ilikuwa sawa, lakini akiba ya madini ya chuma mwilini ilikuwa chini. Nilitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua na sikuwahi kuirudisha. Akaniandikia vidonge vya chuma, akasisitiza nisiviongeze wala kuvianza tena bila kipimo, maana chuma kikizidi nacho kina madhara. Kwenye sahani nikaongeza nyama nyekundu, maharage, dengu na mboga za kijani, pamoja na chungwa kwenye mlo huohuo, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma. Chai ikahamishwa mbali na chakula, kwani inazuia. Hilo la chai liliniuma kuliko sindano.

Pembeni kulihitaji mazungumzo na msusi. Rasta za kubana, zenye uzito, zikivutwa kila mara zinachosha mashina, na za pembeni ndizo dhaifu kuliko zote.

“Safari hii hizi za mbele usiziguse, dada.”

“Zitafumuka mapema, mama.”

“Acha zifumuke.”

Akacheka, akaniacha nazo nje. Tangu hapo nasuka mabutu makubwa yaliyolegea, na nikifumua nakaa muda bila kusuka. Kipimo changu ni rahisi: ukitoka kusukwa huwezi kulala bila dawa ya maumivu, au vipele vidogo vimetokeza kwenye mistari, zimebana. Fumua usiku huohuo, hata kama umezilipia.

Mafuta? Natumia, lakini kwa kiasi chake. Ya nazi napaka kabla ya kuosha. Hupunguza unywele kupoteza protini, hayaoteshi mpya. Ya rozmari nachanganya matone machache ndani ya nazi, maana yakiwa peke yake yanaweza kuunguza ngozi. Kuna utafiti wa mwaka 2015 uliyalinganisha na minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 2 kwa miezi 6, kwa watu wenye upungufu wa kurithi, na matokeo yakakaribiana. Ni utafiti mmoja mdogo, nami upungufu wangu haukuwa wa kurithi, kwa hiyo siyapi sifa ya kuziotesha. Mnyonyo niliuacha: ni mzito, na kuuondoa kunavuta nywele zilezile unazozilinda. Kitunguu kilinipa harufu na muwasho tu.

Kwanza kilipungua kiasi cha kwenye chanuo. Vinywele vipya vikaonekana baadaye sana, vimesimama wima kwenye mstari wa mbele, na kwa kuwa nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, usitegemee kioo kikusifu mapema.

Lakini mwenye viraka vya mviringo visivyo na nywele, mtoto mwenye mapunye, au mtu ambaye utosi unawaka na kuwasha huku kipara kikipanuka, asianze na mafuta. Aende kwa daktari wa ngozi. Upo upungufu unaoacha kovu, na shina likishafunikwa na kovu halioti tena. Juu ya sikio langu la kushoto kuna sehemu ndogo ambayo ngozi imekuwa laini, inang'aa, na haijaota kitu. Daktari ameniambia hiyo huenda isirudi, nami nimeacha kuipaka chochote.