Siku Tuliyokipeleka Kidani kwa Sonara

Kidani cha lulu cha shangazi yangu kilitoka Kobe, Japani. Mumewe alikuwa baharia wa meli za mizigo, mtu wa Mombasa, na katika miaka ya 1960 meli yao ilitia nanga huko, akakinunua kwa mshahara aliokuwa amejiwekea. Lulu nyingi za Japani zilikuwa zikipitia Kobe kupangwa, kutobolewa na kutungwa kabla ya kusafirishwa, kwa hiyo mtu mwenye jicho angeweza kupata kitu kizuri. Na marehemu mjomba alikuwa na jicho. Lulu za katikati zilikuwa kubwa kidogo, kisha zikapungua taratibu kuelekea shingoni, na kila moja ilifuata mwenzake bila kuruka.

Binti wa shangazi alipochumbiwa, ikawa kidani ni chake. Yeye mwenyewe alikuwa ameshawekwa ndani, kwa hiyo siku chache kabla ya nikaha shangazi alinichukua mimi, tukapanda matatu Pangani hadi mjini Nairobi, tukatembea mpaka Biashara Street. Kazi zilikuwa mbili: kidani kitungwe upya, na zipatikane herini za kuendana nacho.

Tulianza na herini, katika duka ambalo sitalitaja. Muuzaji alituwekea jozi kubwa, nyeupe pepepe, akaapa ni lulu halisi. Shangazi hakubishana. Alizichukua akazigeuzageuza mkononi. Akaomba ile iliyolegea kwenye kikonyo, akaielekeza tundu lake dirishani. Ukingoni mwa tundu rangi ilikuwa imebanduka, na chini yake palionekana kioo kitupu. Akazirudisha, akashukuru, tukatoka. Tangu siku hiyo sijawahi kununua lulu bila kutazama tundu kwanza. Mbele inaweza kupakwa ikapendeza. Penye tundu ndipo huwezi kufichwa kitu.

Sonara wetu alikuwa mzee wa Kihindi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la leso. Alikipokea kidani kwa mikono miwili, akakivuta kidogo sana. Kati ya lulu na lulu pakatokea uwazi.

"Mama, uzi huu ulibadilishwa lini?"

"Haujabadilishwa, fundi."

Alitingisha kichwa. Uzi wa hariri hunyonya jasho na mafuta ya mwili, hulegea, kisha hukatika siku usiyoitarajia. Kwa mtu anayevaa lulu mara kwa mara, alisema, uzi ubadilishwe kila mwaka au miaka miwili. Cha shangazi kilikuwa kimebaki salama kwa sababu ya mafundo tu: kila lulu ilifungiwa fundo lake, ili zisisuguane, na uzi ukikatika idondoke moja badala ya zote kumwagika sakafuni.

Akaleta ubao wenye mifereji, uliovikwa kitambaa cha kijivu, akakata fundo la kwanza. Shangazi alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza. Hakuwa na shaka na mikono ya mzee. Alichochelea ni mpangilio. Ukichanganya lulu zilizopangwa kwa ukubwa, kuzirudisha ni kazi ya jicho na subira. Mzee alizilaza moja baada ya nyingine kwenye mfereji, kwa zamu yake, na mafundo meusi ya uchafu yakabaki pembeni.

Hapo ndipo tuliona. Lulu za mbele ziling'aa, ungeweza kuona taa ya meza ikiwa nukta kali juu ya kila moja. Zile za nyuma, karibu na kifungio, zilikuwa zimefifia, na mbili zilionyesha kiini chake, doa kavu lisilo na mwanga.

"Unapaka marashi hapa," mzee akasema, akigusa kisogo chake mwenyewe.

Shangazi akanyamaza. Ni desturi yetu. Halud kisogoni na nyuma ya masikio, kisha dhahabu, kisha mtandio. Dhahabu haidhuriki kitu. Lulu ni kitu kingine. Chaza huijenga kwa tabaka nyembamba mno za chokaa zilizogandishwa kwa protini, moja juu ya nyingine kama chapati iliyokunjwa vizuri, na mwanga unapoingia na kurudi kutoka tabaka hadi tabaka ndipo tunapoona ule mng'aro wa ndani. Chokaa hiyo haistahimili asidi. Siki, ndimu, jasho, marashi, dawa ya nywele, vyote huila pole pole. Tena ni laini: katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi ndiyo 10, lulu iko kati ya 2.5 na 4.5 tu. Pete au mkufu wa dhahabu uliotupwa nayo ndani ya kibweta kimoja unatosha kuikwaruza.

Nikauliza kama haziwezi kung'arishwa. Pembeni palikuwa na mashine yake ya kusafishia dhahabu, ile inayotetemesha maji. Mzee akaweka kiganja juu ya kifuniko, kana kwamba ningezitumbukiza mwenyewe. Tabaka likishaondoka halirudi, alisema, na mashine hiyo ingeharibu hata zilizo nzima. Lulu husafishwa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kila ukivua. Zikichafuka sana, tone la sabuni isiyo kali, kisha zilazwe mpaka uzi ukauke kabisa. Hariri iliyolowa ikivaliwa hurefuka.

Shangazi aliuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo kwa miaka. Kuna mama aliwahi kumwambia kwenye harusi kwamba lulu za Japani si lulu, zimetengenezwa. Mzee alichukua moja ya zile mbili mbovu, akamwonyesha mstari mwembamba ndani ya tundu. Katikati ni kitufe kilichochongwa kutoka ganda la kome, mara nyingi kome wa mto Mississippi, Marekani. Mtu hukiingiza ndani ya chaza. Kukivika ni kazi ya chaza mwenyewe. Mjapani Mikimoto Kokichi alifanikiwa kupata nusu lulu kwa njia ya kufuga mwaka 1893, na lulu za kufugwa zilipoenea, pamoja na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, uzamiaji wa lulu katika Ghuba ya Uajemi ukaanguka. Shangazi alilijua hilo kwa upande wake: utotoni Mombasa aliona majahazi ya Kuwait yakija na kaskazi kuleta tende na kuchukua boriti, na wazee wakisimulia kwamba mabaharia hao zamani walizamia lulu wakati wa kiangazi cha kwao. "Kwa hiyo ni lulu," akasema. "Ni lulu, Mama. Imefugwa, kama kuku wako."

Tukaziondoa zile mbili. Kidani kilipungua kidogo sana, na shangazi hakutaka zijazwe nyingine mpya ambazo zingepiga kelele kati ya wazee. Naona aliamua vyema.

Kwa herini mzee alitoa jozi mbili. Moja nyeupe, kubwa, ya duara kamili. Nyingine ndogo, za rangi ya maziwa, za kome wa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kutoka Uchina, zisizo na kitufe ndani. Shangazi alizisugua taratibu moja kwa nyingine, nikasikia kale kamkwaruzo ka mchanga ambako kioo hakina. Kisha tukazipeleka mlangoni, penye kivuli lakini mwanga wa mchana, maana taa ya duka hudanganya rangi. Kando ya kidani, zile kubwa zilikifanya kionekane kikuukuu. Zile ndogo zilikaa nacho. Bei yake nayo ilikuwa chini mno, ila nina hakika angezichukua hata kama ingekuwa kinyume.

Adhana ya adhuhuri ilitoka Jamia wakati mzee akifunga fundo la mwisho. Alitupa mfuko wa kitambaa, akatuonya dhidi ya plastiki na sefu iliyofungwa miaka mingi: lulu ina maji kidogo ndani yake, ikikaushwa sana hupasuka. Ilazwe, isitundikwe. Ivaliwe mwisho, ivuliwe kwanza.

Siku ya harusi somo, kungwi wa bi harusi, alikuja na halud yake. Shangazi alimwacha apake, akasubiri ikauke, nguo zikavaliwa, mtandio ukakaa, ndipo akafungua mfuko. Akina mama waliokuwa na haraka walilalamika, hakuwasikiliza.

Dada alikivaa kila idi, na kwenye aqiqa ya mwanawe. Uzi ulipolegea nilikipeleka mimi Biashara Street. Mzee alizipanga tena kwenye mfereji ule ule, akazigeuza moja moja chini ya taa, na safari hiyo hapakuwa na ya kuondoa.